Chikanda: kiazi cha zamani kikirudishiwa ardhini, mmea unaota tena?

Nyika_Wazi:
Habari wakuu. Kamati ya mazingira ya kijiji chetu, upande wa Makete, inaandaa sheria ndogo ya uchimbaji wa chikanda, yaani viazi vya okidi za porini vinavyosagwa na kupikwa kuwa chakula. Tuna nyika nje ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Maua yakianza kunyauka tu, wachimbaji wanaingia na majembe, ndoo zinajaa, mzigo unaelekea Tunduma, mpakani na Zambia. Naomba msaada kwa haya:

1. Wapo wanaosema mchimbaji achukue kiazi kipya, kile cha zamani akifukie, na mmea utaota tena. Ni kweli?
2. Tunaweza kuchuma mbegu tukapanda shambani, watu waache kuchimba porini?
3. Moto tuupige marufuku kabisa?

Kiazi_Pacha:
Mkuu, la kwanza si kweli kwa jinsi wanavyochimba huko. Chimbua okidi ya chikanda, kama Disa au Satyrium, ikiwa na maua, utakuta viazi viwili. Kimoja kimesinyaa, cha kahawia, ukikibinya kinabonyea. Cha pili ni kigumu, cheupe ndani, na juu kina kichipukizi. Kilichosinyaa ndicho kilichootesha shina unaloliona, na akiba yake imekwisha. Kigumu ni mmea wa mwakani. Na hicho kigumu ndicho mnunuzi anachokitaka, maana ndicho chenye ute unaoshikanisha unga wake na karanga za kusaga, magadi, chumvi na pilipili mpaka vigande na kukatika vipande. Ukikichukua, umechukua mmea wote. Unachokifukia ni ganda.

Mjue pia ukubwa wa biashara yenyewe. Zambia walichimba kwao hadi vikaadimika, ndipo wanunuzi wakahamia Nyanda za Juu Kusini. Makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalifika hadi viazi milioni 4 kwa mwaka kutoka upande wetu. Hifadhi ya Kitulo ilipotangazwa mwaka 2005, biashara hii ilikuwa mojawapo ya sababu.

Kuvu_Rafiki:
Naongezea kwa Kiazi_Pacha. Hayo madai yana chanzo. Wakuzaji wa okidi za Australia kama Diuris huondoa kiazi kipya wakati majani bado mabichi, wanakata ua, mmea unatengeneza kiazi kingine kabla ya kiangazi. Kinachofanya kazi hapo ni muda. Wachimbaji wa chikanda wanakuja majani yakianza kuwa ya njano, kwa sababu ndipo kiazi kinapokuwa kimejaa. Wakati huo mmea hauna tena majani ya kutengenezea kingine. Tena mbinu yenyewe ni ya chungu cha bustani. Msiiandike kwenye sheria ndogo, itageuzwa kuwa ruhusa.

Swali la pili ndilo gumu. Kifuko kimoja cha mbegu cha okidi kina maelfu ya mbegu, laini kama vumbi, lakini mbegu hiyo haina akiba ya chakula kama mahindi au maharage. Haioti mpaka iingiliwe na kuvu fulani wa udongoni, ambao huilisha hadi itoe jani la kwanza. Ukimwaga mbegu kwenye tuta lililolimwa na kutiwa mbolea ya chumvichumvi, hutapata kitu. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza ni miaka kadhaa, si msimu mmoja kama viazi mviringo.

Maabara inawezekana, na hatua ni hizi kwa ufupi. Chuma kifuko kilichokomaa ila hakijapasuka. Mbegu zioshwe kwa jiki sehemu 1, maji sehemu 6 na tone la sabuni ya maji, dakika 5 hadi 10, kisha suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwenye chombo cha presha. Pandikiza kwenye agari (jeli ya kuoteshea maabara) yenye gramu 2.5 za oti zilizosagwa kwa kila lita, pamoja na kuvu aliyetolewa kwenye mizizi ya aina hiyohiyo. Weka gizani. Mambo mawili huharibu kazi: ukungu wa hewani ukiingia, chupa nzima imekwisha, na ukizidisha chakula kwenye agari, kuvu anakua kupita kiasi na kuzila mbegu badala ya kuzilisha. Hii ni kazi ya chuo kikuu au kituo cha utafiti, si ya kamati ya kijiji.

Mnachoweza nyinyi ni kuongeza mbegu palepale mimea ilipo. Chukua kijiti cha kuchokolea meno, gusa katikati ya ua, utatoka na vifurushi viwili vya chavua vimenata. Vibandike kwenye sehemu yenye unyevunyevu ya ua la mmea mwingine, hatua kadhaa mbali. Maua matano au sita ya chini kwa kila shina yanatosha. Ukichavusha yote, kiazi cha mwakani kinadumaa. Vifuko vikikauka, vipukutishe humohumo kwenye majani, mita chache kutoka kwa mmea mama, kwani kuvu wake yupo hapo tayari.

Nyika_Wazi:
Asanteni sana. Na moto je? Wafugaji watatuuliza hilo kwanza.

Majani_Mafupi:
Msiufute. Okidi za nyika zinataka mwanga. Majani yakizidi kimo, au mtu akipanda misonobari, zinapotea bila jembe kugusa. Moto unaopita haraka kiangazi hauna shida kwa kiazi kilicholala ardhini. Unaoua ni wa kuchelewa, mvua za kwanza zimeshagusa na vichipukizi vimetokeza. Gaweni nyika vipande, choma kimoja kwa zamu, na tarehe ya mwisho iwe kabla ya mvua, si "mwezi wa kumi na moja" tu.

Kwenye sheria ndogo, mimi ningeanza na kufunga kipande kizima chenye mipaka inayoonekana, kwa miaka mitano au zaidi. Mgao wa "ndoo moja kwa kaya" haukaguliki, nani atahesabu? Weka vigingi vya mita 10 kwa 10, hesabu mashina kila Februari, yenye maua na yasiyo na maua kando. Msishtuke hesabu ikishuka mwaka mmoja, maana baadhi ya okidi hulala ardhini msimu mzima bila kutoa jani. Angalieni miaka mitatu mfululizo ndipo mseme.

Kiazi_Pacha:
Ongezeni kipengele cha wanunuzi. Okidi zote zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo kuvusha mpaka bila kibali ni kosa, iwe kiazi kibichi, kilichokaushwa au unga. Watu hudhani kikishasagwa hakihesabiki.