Tupeane uzoefu: michezo ya muziki ya mtandaoni darasani, kwako ilikuwaje?

Ticha wa Sakina

Habari za jioni wakuu. Nafundisha darasa la nne hapa Arusha. Shule yetu haina kinanda, ina ngoma mbili na moja imepasuka. Mwaka jana nikaanza kutumia Chrome Music Lab, ule mkusanyo wa michezo ya muziki wa Google uliotoka 2016. Ni bure, haikulazimishi kujisajili, inafunguka hata kwenye simu. Mimi natumia kishikwambi, vile vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu, na projekta ya kuazima.

Siku ya kwanza nikafungua Song Maker, mmoja wa michezo ya mle. Ni visanduku kama vya daftari la hesabu: unapaka rangi, juu sauti nyembamba, chini sauti nene, ukibonyeza unasikia ulichochora. Watoto wakachora Mlima Meru. Sauti ikapanda hadi kileleni ikateremka, darasa zima kicheko. Halafu binti mmoja wa nyuma, kimya siku zote, akasema: "Mwalimu, hii haichezeki."

Haichezeki kivipi? Akapiga dawati kunionyesha. Nikamsikiliza mara mbili ndipo nikaelewa. Yeye kila pigo analigawa mara tatu, kama ngoma za kwao, na Song Maker ukiifungua inakuja imegawa mara mbili. Nikaingia kwenye Settings nikaweka 3, tukapanga upya safu ya ngoma iliyo chini ya vile visanduku. Weee! Darasa la jirani walijaa mlangoni. Skeli niliweka ya pentatoni, yenye nota tano, maana hata mtoto akipaka ovyo nota hazigombani.

Leteni na zenu, hata zilizoharibika.

Mama wa Kiboriloni

Zilizoharibika ndizo zangu. Moshi hapa, watoto 52, simu moja. Nilifungua Rhythm ya humo humo Chrome Music Lab, ile yenye wanyama wanaopiga ngoma, nikaunganisha spika ya bluetooth ili wa nyuma wasikie. Mtoto anagusa, sauti inafika baadaye. Wakadhani wanakosea wao, wakaanza kuwahisha, vurugu tupu. Nilihangaika wiki nzima nikijua ni intaneti, kumbe bluetooth yenyewe ndiyo inachelewesha. Nikanunua waya wa elfu tatu, kesi ikaisha. Bando likaisha pia, lakini hiyo ni hadithi ya kila mwezi.

Mzee wa Zeze

Samahanini walimu. Arusha hiyo hiyo kuna Wamaasai wanaoimba bila chombo chochote. Olaranyani, yule kiongozi wa wimbo, anaanzisha, morani wanaitikia kwa mngurumo wa kifuani, na hakuna aliyechaji simu. Kwa nini tuwakalishe watoto mbele ya kioo?

Ticha wa Sakina

Shikamoo mzee. Nimekusikia, tena mbona ulichokisema ndicho kilichonipa somo bora kuliko yote. Mle mle Chrome Music Lab kuna Spectrogram: unawasha kipaza sauti, sauti inajichora kwenye skrini inavyotoka. Nilimwomba baba wa mwanafunzi mmoja aje kuwaimbia. Alipoanza ule mngurumo, ukajichora chini kama mistari minene iliyopangwa ngazi. Sauti za watoto zikakaa juu. Filimbi ya mwalimu wa michezo ikawa kamstari kamoja kembamba. Baba wa watu alisahau kuimba, akasimama anajitazama. Watoto nao skrini wakaiacha, wakataka wafundishwe kunguruma. Kipindi cha Hisabati kiliponiponyoka siku ile sitaki kukisema hapa, mkuu wa shule naye husoma mambo ya mitandaoni.

Mwalimu wa Kwaya, Moshi

Mimi si wa darasani, ni Shule ya Jumapili. Nilitumia Blob Opera ya David Li, ilitoka Desemba 2020. Vibonge vinne vya rangi: besi, tena, mezo na soprano, kwa sauti zilizotokana na waimbaji wa opera wa kweli. Ukimvuta mmoja juu sauti inapanda, ukimpeleka mbele au nyuma irabu inabadilika, na wenzake wanajipanga wenyewe kumfuata. Kwa miaka mitatu nimewaeleza watoto maana ya sauti nne nikaambulia miayo. Kwa vile vibonge walielewa kwa dakika kumi.

Ila jihadharini: vibonge havina maneno, ni aaa na ooo tu. Jumapili iliyofuata wimbo wa pili wakauimba hivyo hivyo. Mzee wa kanisa akaniuliza taratibu kama kuna mtoto mgonjwa.

Mzee wa Zeze

Marahaba mwalimu. Mjukuu wangu yuko hapa na simu, ananisumbua. Hiyo ya kugawa mara tatu iko wapi?

Ticha wa Sakina

Pale chini, kitufe cha Settings, mzee. Tafuta palipoandikwa Split beats into, aweke 3. Na akimaliza abonyeze Save, anakili linki aitunze. Bila linki hiyo wimbo hauoni tena. Niulizeni mimi na ule Mlima Meru wangu.