Naomba ushauri: madhara ya picha za ngono tunayoyafumbia macho

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mzazi na mwalimu wa madrasa hapa Wete, Pemba. Katika shehia yetu, kijana akionekana na bangi au unga, wazee hukutana usiku huohuo. Lakini akizama katika video za ngono kwenye simu yake, hakuna anayethubutu kulitaja, kwa kuwa tunaona kulisema ni aibu kubwa kuliko kulitenda. Wengine husema ni mambo ya ujana, akioa yatakwisha. Mimi siamini, maana nimeshasuluhisha ndoa ambamo mume hakuacha, na mke akaishi akijilinganisha na watu wanaolipwa kuigiza.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza picha hizi, ila haimsaidii aliyekwishazama. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika 2022, limeitambua hali ya mtu kushindwa kwa muda mrefu kuzuia matamanio yake ya kijinsia, na utazamaji wa kupindukia unaweza kuingia humo. (Si kila anayetazama ni mgonjwa, hilo nalikubali.)

Je, nianze na wazazi wa kiume peke yao, au nimwombe tabibu wa afya ya akili aje kuzungumza nasi? Na kijana mwenyewe nimkabili vipi bila ya kumfedhehesha, asije akaihama madrasa? Waliokwishalijaribu hili, hasa huku visiwani, naomba wanieleze lilivyopokewa.