Kushusha thamani ya shilingi: tulitibiwa au tuliuliwa?

Mtoto wa Makorora: Wakubwa, shikamooni. 1966 dola ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Rais Mwinyi alipokubaliana na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, 1986 ikatoka kwenye 17 hivi ikafika 40, na haikuishia hapo. Leo tunahesabu kwa maelfu. Ilitusaidia nini sisi wa Tanga?

Singa Nyeupe: Ilisaidia. Mkonge unauzwa kwa dola. Shilingi ikiwa na bei ya uongo, shamba linapewa vijisenti, nani atawasha korona, ile mashine ya kuchakata mkonge? Mzee Nyerere aligoma kuishusha, Mtei akaacha uwaziri wa fedha 1979, tukabaki na foleni za sabuni. Walionenepa ni nyinyi wa Horohoro, mpakani na Kenya, mliokuwa mkivusha magendo.

Kashata: Nyinyi akina nani? Baba yangu 1983 alilala mahabusu siku nne kwa mche mmoja wa sabuni. Mmoja! Mhujumu uchumi wa mche mmoja umemwona wapi?

Singa Nyeupe: Sijamtaja mzee wako.

Kashata: Umesema "nyinyi".

Daftari la Deni: Jamani, mnasahau chanzo. Vita vya Kagera, mafuta yalipanda 1979, mashirika ya umma yanakula hasara na serikali inakopa Benki Kuu kuyaziba. Noti zinaongezeka, bidhaa hakuna. Hata mngeiacha shilingi palepale, bei zingepanda tu. Zilipoa Mkapa alipobana matumizi. 1999 mfumuko wa bei ulikuwa chini ya asilimia 10.

Singa Nyeupe: Kashata, sabuni ilitoka Mombasa au haikutoka?

Bi Chumbageni: Wanangu, mimi nilikuwa mwalimu. Kabla Mwinyi hajatoa ruksa ya biashara huria nilikuwa na hela, duka halina kitu. Baada ya ruksa duka limejaa, mshahara wa kwenda kutazama. Nikaanza kukaanga bajia. Wanafunzi wangu ndio wakawa wateja, nikimchapa mtu asubuhi mchana hanunui.

Mtoto wa Makorora: Hahaha, shikamoo Mwalimu! Kwa hiyo ni dawa au sumu?

Bi Chumbageni: Marahaba. Bajia zilisomesha watatu, sasa sijui niseme nini.

Singa Nyeupe: Si unaona? Ruksa hiyo.

Bi Chumbageni: Ruksa haikukaanga bajia, nilikaanga mimi.

Kashata: Ilitoka Mombasa, ndiyo. Sasa? Dukani kwenu ilikuwepo?

Singa Nyeupe: Haikuwepo. Mama alikuwa anafulia majivu.

Kashata: Basi nyamaza. Na ile sabuni hawakuirudisha mpaka leo.