Finalisti wa sayansi: nichukue masomo ya jioni mangapi?

Binti_Katuba
Jambo wakubwa. Ninaomba ushauri, na tafadhali mnisome hadi mwisho.

Niko mwaka wa nne, wa mwisho, wa humanités (sekondari), sayansi, hapa Lubumbashi. Maana yake mwaka huu ni Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Nikifaulu ninataka kwenda Polytechnique, kitivo cha uhandisi cha UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), nisome migodi. Mtaani kwetu kuna walimu wanaofundisha jioni, kila somo na siku zake: hisabati ya kawaida, hisabati ya juu kwa wanaojiandaa kuingia Polytechnique, fizikia, kemia na Kiingereza. Kila somo ni dola 10 kwa mwezi. Rafiki ninayekaa naye dawati moja amechukua yote matano. Mwingine hajachukua hata moja, na ndiye anayetuongoza darasani.

Mimi nimefikiria matatu: hisabati zote mbili na Kiingereza. Ni mengi? Ni machache? Usiku ninahesabu hayo badala ya kulala.

Mwana_Kamalondo
Binti, kwanza hongera kwa kufika hapo. Sisi tulisomea koroboi, daftari moja masomo mawili: upande huu historia, ukiligeuza jiografia. Hakuna aliyelipiwa mwalimu wa jioni. Mwalimu wa asubuhi alifundisha mpaka umeelewa. Leo wapo wanaofundisha nusu asubuhi, nusu nyingine wanaiuza saa kumi na moja. Hilo ndilo wazazi wangelikalia kikao.

Kasumbalesa_Transit
Kiingereza usikiache. Hayo mengine sijui, ila Kiingereza najua.

Mimi ninashughulikia karatasi za magari ya mizigo mpakani. Nilikuja hapa na diploma ya commerciale (biashara), nikijiona msomi. Siku ya kwanza dereva mmoja wa Ndola ananisimamia mbele, gari lake limezuiwa, mimi ninajua kabisa ni karatasi gani imekosekana, lakini nitaisemaje? Nikaonyesha kwa vidole. Akafikiri ninataka feza. Sauti zikapanda. Aliyetuokoa ni kijana anayeuza mayai ya kuchemsha. Yeye amekulia Chililabombwe. Kuanzia jioni ile nilikuwa ninamfuata yule kijana, ninanunua mayai ili anifundishe. Miezi na miezi, mayai. Leo ninaandika barua zote za ofisi kwa Kiingereza, na watu wa migodini wanaopita hapa wanaongea hicho hicho. Ukitaka migodi, soma Kiingereza.

Yaya_Poly
Mdogo wangu, mimi nimepita Polytechnique. Swali la "mangapi" ngoja kwanza. Nipe saa zako. Unatoka shule saa ngapi? Jioni unafanya nini? Na ni saa ngapi unakaa peke yako na daftari, bila mwalimu, bila rafiki?

Ninauliza kwa sababu mwaka wa kwanza analizi na aljebra zilitupunguza sana, na wengi walioanguka walikuwa watoto wenye madaftari mazuri kuliko yangu. Kila zoezi lilikuwa limeandikwa pale, safi kabisa, kwa mkono wao. Lakini lilitatuliwa na mwalimu ubaoni, wao walinakili. Siku ya mtihani ubao haupo. Somo la jioni lisilokuachia saa ya kufanya mazoezi mwenyewe linakula muda uleule ambao ungekufaa.

Tena Exetat si hisabati peke yake. Ni siku nne: culture générale (maarifa ya jumla), sayansi, lugha, masomo ya option (mchepuo wako). Na kabla yake kuna hors-session, mitihani ya kutangulia, na ile insha ya Kifaransa. Umeipangia nini hiyo insha?

Binti_Katuba
Aksanti yaya, mkubwa wangu. Ninatoka shule saa saba. Saa nane niko mezani kwa mama, sokoni, mpaka saa kumi na moja. Halafu masomo mpaka saa moja usiku. Nikifika nyumbani ninapika bukari (ugali), tunakula, ninafua sare. Umeme ukiwepo ninasoma kidogo. Usipokuwepo ninatumia taa ya simu mpaka chaji iishe. Insha bado sijaifikiria.

Yaya_Poly
"Halafu masomo." Kwa hiyo umekwisha kuanza?

Binti_Katuba
Nimeanza wiki hii. Lakini bado ninaweza kubadilisha, ndiyo maana ninauliza.

Mama_Meza_ya_Unga
Mwanangu, miye ninauzisha unga mu soko ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Faida ya meza ninaijua kwa kopo moja moja. Dola 30 kila mwezi inatoka wapi?

Binti_Katuba
Kaka yangu mkubwa yuko Kolwezi, anafanya kazi. Ananisaidia.

Mama_Meza_ya_Unga
Mungu amubariki. Sasa nijibu vizuri: kaka alituma feza ya masomo ya jioni, ao alituma ya kitu kingine?

Papa_Wanne
Mama ameuliza swali. Tunangoja.

Binti_Katuba
Sawa, ninasema. Alituma feza ya kushiriki Exetat ili niipeleke kwa prefe, mkuu wa shule. Nimeilipia masomo matatu ya jioni, miezi mitatu.

Msinihukumu kabla hamjasikia. Prefe hajafunga orodha. Mwisho wa mwezi kaka hupata mshahara, nitamwomba tena. Na mkumbuke, wenye kulipa miezi mitatu mara moja walipewa nafasi za mbele. Nyuma ubao hauonekani, tuko wengi chumba kimoja. Diploma nitaipata, darasani sijawahi kushuka chini ya 60%. Ninachoogopa ni Polytechnique. Bila hisabati ya juu, diploma hiyo nitaifanyia nini?

Papa_Wanne
Binti yangu, Exetat ilianza 1967. Tangu siku hiyo haijamuuliza mtoto yeyote kama alisoma jioni. Inaangalia kama jina lako limo kwenye orodha. Kama halimo, unabaki nje ya lango na 60% zako mkononi. Mimi nina watoto wanne, watatu wamepita huko. Kila mwaka ninamwona mzazi mmoja pale langoni, analia kwa sababu feza "ilicheleweshwa". Ukiuliza vizuri, haikucheleweshwa, ililiwa kwingine.

Na kaka yako je? Unajua anavyoipata feza hiyo Kolwezi? Kumdanganya mtu anayeamka gizani kwa ajili yako ni deni kubwa kuliko la prefe.

Mwana_Kamalondo
Huyu mtoto amenunua kitenge cha arusi kabla ya kadi ya mwaliko. Lakini tusimvunje moyo, angalau hakuila kwenye mikate.

Binti_Katuba
Papa, sikumdanganya. Hajaniuliza.

Mchunguzi_Ruashi
Wakubwa, mimi nina mashaka. Someni tena kutoka juu. Mtoto hajui atachukua masomo mangapi, kumbe amelipa matatu. Anatwambia bei, idadi ya masomo, hata kwamba wanaolipa miezi mitatu wanapewa nafasi za mbele. Hilo ni tangazo. Kesho atatokea mtu mwingine kuuliza "mwalimu huyo yuko avenue gani?" na namba ya simu itatua hapa. Uzi wa namna hii nimeuona mara nyingi, wa mafuta ya nywele na wa dawa za tumbo.

Tena mwandiko huu si wa mtoto wa miaka 17.

Kasumbalesa_Transit
Aa, na mimi nimemaliza chaji kwa kusimulia habari ya mayai!

Binti_Katuba
Sijataja mwalimu wala avenue, na sitataja. Nina miaka 18, nilirudia mwaka mmoja nilipougua.

Mchunguzi_Ruashi
Vizuri. Mtu wa hisabati ya juu hachelewi. Limiti ya sin 3x juu ya x, x ikienda sifuri?

Binti_Katuba
3. Unazidisha juu na chini kwa 3, sin 3x juu ya 3x inakwenda 1, inabaki 3. Ukipenda kwa L'Hôpital, derivé (kinyambuo) ya juu ni 3 cos 3x, ya chini ni 1, ukiweka sifuri unapata 3 ileile. Nikupe nyingine?

Mchunguzi_Ruashi
Hapana. Nimekuelewa.

Mwalimu_wa_Likasi
Nilikuwa ninasoma tu bila kusema. Mimi ninafundisha fizikia. Binti, usiogope, na usifungue daftari. Unarusha jiwe juu wima kwa mita 20 kwa sekunde. Mvutano uchukulie 10. Linafika juu mita ngapi?

Binti_Katuba
Kila sekunde linapungua 10, kwa hiyo linasimama baada ya sekunde 2. 20 mara 2 ni mita 40.

Mwalimu_wa_Likasi
Sekunde 2 ni sawa kabisa. Mita 40 si sawa. Ungepata 40 kama jiwe lingekwenda kwa 20 safari nzima, lakini mwenyewe umesema linapungua. Lilianza na 20, likamaliza na 0. Kati yake, kwa wastani, lilikwenda 10. 10 mara 2 ni mita 20. Chora mchoro, wakati chini, mwendo kando: utapata pembetatu, na eneo la pembetatu hiyo ndiyo njia iliyokwenda jiwe. Wewe umechukua mstatili mzima.

Sasa nikuulize kwa upole. Limiti umeijibu kwa njia mbili bila kuombwa. Fizikia ya mwanzo kabisa imekupita. Na katika masomo matatu uliyolipia, mawili ni hisabati, fizikia haimo. Kwa nini?

Binti_Katuba
Kwa sababu hisabati ninaipenda, mwalimu. Nikiingia kwenye hisabati ninasahau soko, ninasahau yote. Fizikia nikiikaa ninajiona mjinga. Na zile 60% zangu, hisabati ndiyo inazibeba.

Yaya_Poly
Haya, hapo ndipo tulipokuwa tunapatafuta. Mdogo wangu, hisabati ya kawaida unalipia kitu ulicho nacho. Iache. Migodi ni fizikia kuanzia asubuhi mpaka jioni: pampu, upepo wa kupeleka chini, miamba inayobonyea, umeme. Yale mahesabu unayoyapenda utayakuta mle ndani.

Mimi ningebaki na mawili tu, fizikia na moja kati ya hisabati ya juu na Kiingereza. Na siku mbili za wiki usiende popote, ukae na mazoezi yako. Ukikwama, ukwame saa nzima kabla ya kumwuliza mtu.

Binti_Katuba
Saa nzima, yaya? Saa yangu moja ndiyo yote niliyo nayo.

Yaya_Poly
Ndiyo maana sikukuambia matatu.

Papa_Wanne
Yote hayo ni mazuri, lakini orodha ya prefe bado iko wazi na jina halimo. Binti, feza hiyo inaweza kurudi?

Mama_Meza_ya_Unga
Miezi mitatu, wiki moja ndiyo imeliwa. Mwalimu mwenye utu atarudisha mwezi wa pili na wa tatu. Dola 60 hizo. Usiende peke yako, enda na mama yako, amuombe yeye kwa heshima, mtu mukubwa kwa mtu mukubwa. Mama anajua?

Binti_Katuba
Hajui.

Mama_Meza_ya_Unga
Basi kabla ya mwalimu na kabla ya prefe, kuko mama. Leo mukifunga meza, mukiwa munahesabu feza, umwambie. Usingoje mufike nyumbani, kule atapigia kelele mbele ya batoto. Sokoni atanyamaza kwa sababu ya majirani. Akimaliza kunyamaza, atakusaidia.

Binti_Katuba
Na kaka?

Papa_Wanne
Kaka umpigie wewe mwenyewe, usimtume mama. Mwambie kiasi, mwambie umeirudisha ngapi, halafu ndipo uombe.

Mchunguzi_Ruashi
Kwa prefe pia kuna njia. Shule nyingine zinapokea nusu kwa nusu kabla ya kufunga orodha, ukiomba mapema. Ukipeleka hata kidogo, udai risiti yenye jina lako na tarehe. Bila risiti usitoke ofisini.

Binti_Katuba
Aksanti wote. Mwalimu wa Likasi, ile pembetatu nimeichora. Ninaona sasa. Lakini jiwe likirudi chini, mchoro unakwenda wapi? Chini ya mstari?

Mwalimu_wa_Likasi
Chini ya mstari, ndiyo, kwa sababu mwendo umegeuka. Unapata pembetatu ya pili, sawa na ya kwanza. Sasa fikiria mwenyewe kwa nini zikijumlishwa kwa alama zake zinatoa sifuri, wakati jiwe limesafiri mita 40. Usinijibu leo. Leo una kazi na mama.

Kasumbalesa_Transit
Na Kiingereza hamkukitaja tena, mnakipita hivi hivi tu?

Binti_Katuba
Kiingereza kinabaki, wa Kasumbalesa. Hisabati ya juu nitaifanya mwenyewe, rafiki yangu ataniazima daftari.

Yaya_Poly
Uazime maswali. Majibu umwachie.