Nimekwama: hadithi ya kutisha ya Halloween ya kuchagua njia, matawi yamenishinda

mama_barafuni:
Wakuu habari za humu, naombeni msaada wenu wale mnaojua mambo ya uandishi na hata wazazi wa kawaida tu. Niko Minnesota huku Marekani, nina watoto wawili, mmoja ana miaka 10 mwingine 8, Kiswahili wanakisikia vizuri na kujibu wanajibu lakini kusoma ndo mtihani, ukiwapa kitabu cha Kiswahili wanafika nusu ukurasa mmoja ana kiu mwingine anataka chooni. Sasa huyu mkubwa amenogewa na vile vitabu vya kuchagua njia, unafika chini unaambiwa ukitaka kuingia ndani nenda ukurasa wa 14, ukitaka kukimbia nenda wa 22, anavisoma mpaka mezani. Nikasema ngoja nimwandikie cha Kiswahili, cha kutisha, kinachotokea usiku wa Halloween, maana huo usiku wa kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba pipi wanaupenda kuliko hata sikukuu zetu zote.

Shida ya kwanza matawi. Kila mahali nimeweka machaguo mawili, na kila chaguo likizaa mengine mawili mambo yanakuwa mengi balaa, nimeanza kuchora kwenye karatasi nikabandika ukutani, mume wangu akauliza huu ni ukoo wa nani.

Shida ya pili haitishi. Mfano huu hapa:

*"Unafika kwenye nyumba ya zamani sana. Mlango unafunguka wenyewe, kriiiii. Ndani ni giza. Ukitaka kuingia nenda 8. Ukitaka kuondoka nenda 9."*

Halafu 8 inasema mzuka anakukamata, mwisho. Nimemsomea mkubwa akaniambia "mama umenionea, ningejuaje?" Nikakosa jibu. Nisaidieni.

fundi_wa_matawi:
Dada pole, hiyo ya matawi kila anayeanza inamkuta. Piga hesabu tu: chaguo mbili kila hatua, hatua tano, unapata miisho 32, na ukijumlisha vipande vyote vya kuandika ni 63. Na mtoto akisoma mara moja anapita vipande 6 tu kati ya hivyo 63, yaani unaandika kitabu kizima ili asome karatasi mbili.

Dawa yake ni kuyakunja. Acha matawi yaachane alafu yarudi pamoja. Kwa mfano aliyepita njia ya kanisani na aliyekatisha uwanja wa mpira wote wanafika nyumba ileile ya pembeni, ila mmoja amefika na tochi mwingine amefika kiatu kimelowa. Hizo sehemu ambazo kila msomaji lazima apite weka mbili au tatu kwenye hadithi nzima, ndo unazipamba haswa, nguvu zako zote mwaga hapo. Ukifanya hivo vipande 25 mpaka 30 vinatosha kabisa na mtoto hatajua kwamba umemzungusha.

Pia tupa karatasi ya ukutani. Kuna programu inaitwa Twine, ya bure, aliitoa Chris Klimas mwaka 2009, kila kipande kinakuwa kiboksi na mishale inajichora yenyewe ukiandika kiungo, ukisahau kukiunganisha unakiona kimekaa pekee yake. Mtoto anaweza kusoma kwenye kompyuta kwa kubofya. Ila kama unataka kitabu cha kushika mkononi, ukimaliza changanya namba, vipande viwili vya chaguo moja visikae jirani kama hizo 8 na 9 zako, maana watoto wanachungulia hao, jicho linaruka linaona "mwisho" kabla hajachagua.

mlinzi_wa_imani:
Mi nashangaa mzazi wa Kiafrika anamfundisha mtoto mambo ya mizuka na sherehe za giza alafu anaomba ushauri. Mtakuja kulia.

fundi_wa_matawi:
Mkuu heshima yako, ila uzi huu ni wa uandishi. Fungua wa kwako tutachangia.

anko_duluth:
Bint yangu mimi niko hapa Minnesota toka enzi hizo, nikupe zawadi moja. Hadithi yako iweke mwaka 1991.

Kwanini? Tarehe 31 Oktoba mwaka huo theluji ilianza mchana, watu wakadhani ni ya kupita, kumbe haikukata mpaka imefika Novemba. Minneapolis ilipata zaidi ya sentimita 70, huku kwetu Duluth zaidi ya 90. Na watoto walitoka hivohivo kuomba pipi! Mtoto kavaa jaketi la baridi, juu yake kavalishwa vazi la mifupa limebana kama soksi, huwezi kujua huyu ni mzuka au ni mtungi wa gesi. Wenye nyumba walikuwa wanawamiminia pipi kwa mikono miwili maana wateja ni wachache.

Sasa faida yake kwa hadithi. Moja, hakuna simu za mkononi mifukoni mwa watoto, hakuna cha kumpigia mama. Ukiiweka leo msomaji wako wa miaka 10 atakuuliza kwanini wasipige simu na hutakuwa na jibu. Mbili, giza. Siku hizi saa za huku Marekani zinarudishwa nyuma lisaa limoja Novemba (kiangazi zinakuwa zimesogezwa mbele), walibadilisha kuanzia 2007, kwahiyo Halloween jua linazama kama saa 12 jioni. Mwaka 1991 saa zilisharudishwa Jumapili iliyotangulia, kwahiyo saa 11 jioni tu jua kwisha habari yake, usiku wako ni mrefu zaidi. Tatu, nyayo. Theluji inatunza nyayo, na dakika chache baadae inazifuta. Hapo mwenyewe utajua cha kufanya.

mwl_wa_columbus:
Anko hapo kwenye nyayo umenisisimua 😂

Mama, mi nafundisha darasa la nne huku Columbus Ohio na hizi hadithi tunaandika na wanafunzi kila mwaka, nikuambie kitu. Mwanao aliposema umemuonea yuko sahihi. Mtoto hakasiriki kuliwa na mzuka, anakasirika kuliwa bila kupewa dalili. Kila mwisho mbaya lazima akirudi nyuma akasome tena aseme "aaah, kumbe ilikuwa imeandikwa!" Alafu hiyo nyumba ya zamani yenye mlango wa kriiii achana nayo, watoto wote wa Marekani wameshaiona mara mia, hawaiogopi hata kidogo.

Wewe tumia sheria za usiku wenyewe, maana wanazijua kwa moyo. Taa ya kibarazani ikiwaka unagonga, ikizimwa unapita. Bakuli limeachwa nje na karatasi imeandikwa "chukua moja". Mkubwa ndo anashika mkono wa mdogo. Na muda: huku kwetu ni saa 12 jioni mpaka saa 2 usiku, ikifika saa 2 taa za mtaa mzima unaziona zinazimika moja baada ya nyingine. Kila sheria hapo ni chaguo tayari, na kila mtoto anajua ndani ya roho yake lipi ni la kuvunja sheria. Akichukua mbili kwenye bakuli usimwambie chochote. Ngoja vipande vitatu mbele huko ndo mlango ufunguliwe na sauti iseme "wewe unanidai au nakudai?"

Tena jaribu hili. Wametoka nyumbani wanne, wote wamefunika nyuso, wamebeba foronya za kutilia pipi:

*"Mama mwenye nyumba anainama na bakuli lake. Anadondosha pipi kwenye foronya moja moja huku anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano. 'Haya, mrudi salama wote watano,' anasema, anafunga mlango. Hakuna anayeshtuka isipokuwa wewe. Unageuka. Kwenye theluji, kutoka barabarani mpaka hapa mlipo, kuna mistari minne ya nyayo."*

Hakuna damu, hakuna meno, na ukimsomea mtoto wa miaka 10 kabla ya kulala atakuomba usizime taa. Chaguo hapo: utawaambia wenzako wafunue nyuso? Utaita majina? Au utanyamaza uendelee kutembea ukiwahesabu?

kijana_wa_likoni:
Mwalimu wee mbona waniogofya na mimi ni mtu mzima 😂😂 Mie naona huyo wa tano mfanyeni bibi mwenye miguu ya punda, yule jini wa kwetu pwani, kwato kwenye theluji mbona zitapendeza

mama_barafuni:
@kijana_wa_likoni kaka asante lakini huyo hapana, huyo nikiwa mdogo Tanga alininyima usingizi mwaka mzima na yeye mwenyewe ni wa joto, wa barabara za mchanga na taksi za usiku, hapa atapata baridi yabisi. Nataka mtaa wangu huuhuu wa hapa, wenye nyumba ni hawa majirani tunaosalimiana nao.

@mwl_wa_columbus mwalimu Mungu akubariki, nimesoma nikageuka kuangalia nyuma ya kochi. Ila niambie, dalili ya huyo wa tano iwe nini?

mwl_wa_columbus:
Maboga. Kila kibaraza kina boga limechongwa sura na mshumaa ndani. Zamani kule Ireland walichonga tanipu, lile zao la chini linalofanana na kiazi, wanaweka taa wafukuze visivyotakiwa, walipohamia Marekani wakakuta maboga ni makubwa na laini wakahamia kwenye boga. Kwahiyo kwenye hadithi yako boga liwe linafanya kazi yake ya zamani: wa tano hasogei kwenye mwanga wa boga. Foronya yake inanyooshwa kutokea gizani, mkono mrefu kidogo kuliko ilivyotakiwa. Usiseme kwanini. Weka hivo mara mbili katika nyumba mbili, mara ya tatu mtoto atakuwa ameshagundua mwenyewe.

anko_duluth:
Na theluji inazima mishumaa! Kila nyumba mnayopita boga moja limezimika.

mwl_wa_columbus:
Anko wewe kaandike na wewe 😂 Hapohapo. Ndo saa ya hadithi hiyo, kila boga likizimika muda unazidi kwisha.

juma_wa_houston:
Mi nadhani mngeongeza pipi yenye sumu au wembe, hiyo ndo inatisha kweli na inatokea.

fundi_wa_matawi:
Hapana mkuu, hiyo isiwekwe. Kuna profesa wa sosholojia anaitwa Joel Best amefuatilia taarifa za hizo pipi kuanzia 1958 na hajapata mtoto hata mmoja aliyethibitika kuuawa na pipi aliyopewa na mtu asiyemjua usiku huo. Ukiiweka, mtoto anafunga kitabu anaanza kumuogopa bibi wa nyumba ya jirani ambaye kakesha anachonga boga. Wa tano ukifunga kitabu anabaki kitabuni.

mama_barafuni:
Jamani nimekaa nayo wikiendi nzima. Nimekunja matawi, vipande vimebaki 27. Niliwashirikisha na wenyewe kidogo, nilikuwa nasoma kipande nawauliza hapa mngefanyaje, na majibu yao nimeyafanya ndo machaguo.

fundi_wa_matawi:
Hapo umerudi kwenye asili yenyewe. Edward Packard, mwanasheria wa Marekani ambaye ni mmoja wa walioanzisha vitabu hivi, alikuwa anawasimulia binti zake kabla ya kulala, siku moja hadithi ikamwishia njiani akawauliza nyie mnadhani afanye nini. Kila mmoja akajibu lake. Sasa tupe kipande tuone, na miisho iko mingapi?

mama_barafuni:
Miisho 6. Miwili mibaya, mitatu ya nusu nusu (unafika nyumbani lakini kuna kitu hakiko sawa), mmoja mzuri kabisa. Kipande cha 19 hiki hapa:

*"Boga la mwisho linazimika. Moshi mwembamba unatoka kwenye jicho lake moja. Ima analia chini ya kinyago, unamjua kwa kwikwi zake. Sasa umebaki na watatu waliosimama kimya, na wawili kati yao ni rafiki zako. Mfukoni una kiberiti na mshumaa uliokota kwenye kibaraza cha kijani. (Kama hukupita kibaraza cha kijani, nenda 23 sasa hivi, usisome zaidi.) Ukitaka kuwasha mshumaa, nenda 5. Ukitaka kumwambia kila mmoja ataje jina la mama yake, nenda 12."*

Wa miaka 8 amechagua kipande cha 12 bila kufikiri. Wa miaka 10 akamzuia, anasema je na yule wa tano akitaja jina la mama yetu? Mi hilo sikuwa nimeliandika, nimekimbia kwenda kuliandika.

Swali langu la mwisho: nataka kuprinti kiwe kitabu kidogo, nafanyaje vipande visipangike ovyo? Na kile cha "usisome zaidi" watatii kweli?

mwl_wa_columbus:
Hawatatii, na ni sawa, wakichungulia watakuta tu wamepitwa na kiberiti watarudi mwanzo kukitafuta.

Kuprinti: karatasi za A4 ukikunja katikati kila moja inakupa kurasa nne. Vipande 27 na jalada weka kurasa 32, ni karatasi 8 tu, kila kipande ukurasa wake na namba kubwa juu kwenye kona ya nje. Kwenye mpangilio wa printa chagua kijitabu, itapanga yenyewe, na pande mbili chagua kugeuza kwa upande mfupi usije ukapata nusu ya kurasa ziko kichwa chini. Stepla ya kawaida haifiki katikati, toboa kwa sindano ushone na uzi mzito. Kurasa zinazobaki tupu waachie wachore maboga, ila wakichora lile la kipande cha 19 wasilipake rangi, limezimika.

kijana_wa_likoni:
Mama barafuni ukimaliza nitumie na mie hilo faili. Nitalisoma mchana.