Ruta imejaa njia za BGP, CPU 99%, nifanyeje wakuu?

Fundi wa Ziwa: Wakuu habari za usiku. Nipo Mwanza, nasimamia mtandao mdogo wa intaneti, wateja kama 600. Miaka yote tulikuwa na laini moja, ruta inapokea difolti tu (njia moja ya jumla ya kwenda kokote) mambo yanaenda, sasa juzi tumevuta laini ya pili nikaomba wanitumie tebo nzima ya BGP, yaani orodha ya njia zote za intaneti ambazo mitandao inatangaziana, ili ruta ichague yenyewe njia nzuri, dakika chache tu CPU 99%, simu za wateja hazipoi, nikiandika komandi herufi zinatokea moja moja. Logi inasema nafasi ya njia imejaa. Ruta ni ya mtumba, mwisho wake njia 512,000. Ninunue mpya au nihamie IPv6, mfumo mpya wa anwani, yaishe?

Mama Swichi: Pole sana mkuu. Tebo ya IPv4 (anwani za mfumo wa zamani) ya dunia saa hizi inacheza kwenye milioni, zinazokosa nafasi zinaangukia CPU ndo maana inahema. Wengi liliwakuta tarehe 12 Agosti 2014, siku tebo ilipovuka 512,000. Usinunue kitu kwanza. Omba difolti pande zote mbili pamoja na njia za wateja wao tu, na kama unafika TIX pale Dar, kituo ambako mitandao ya nchini inabadilishana trafiki, chukua njia za pale. IPv6 inaongeza anwani, haipunguzi njia, na kwenye ruta nyingi za zamani njia moja ya IPv6 inakula nafasi mbili.

Mpogoro: Bloku yako ya anwani unaitangazaje?

Fundi wa Ziwa: Nina /22 (anwani 1,024), naitangaza kama /24 nne (za anwani 256 kila moja), mbili huku mbili kule, ili trafiki igawanyike.

Mpogoro: Acha ndugu yangu, nakuomba. Ukichana kitenge vipande vinne, kila ruta yenye tebo nzima, iwe Tokyo iwe São Paulo, inabeba vinne badala ya kimoja, na wenye laini mbili tupo wengi mno, ndo maana tebo inavimba. Tena laini moja ikikatika, /24 mbili zinazima nayo. Tangaza /22 nzima pande zote, ule upande unaotaka trafiki ipungue rudia namba yako ya AS (namba ya utambulisho wa mtandao wako) mara mbili tatu, njia ya huko ionekane ndefu.

Fundi wa Ziwa: Nimefanya saa nane usiku. Njia zimebaki 41,000, CPU 12%, asanteni sana. Ila trafiki karibu yote inalemea laini ya zamani.

Mpogoro: AS umerudia upande upi?

Fundi wa Ziwa: Wa laini mpya. Nimeona, nahamishia ule wa zamani sasa hivi.