Naomba ushauri: kipindi cha dini shule ya msingi ya serikali

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Kamati yetu ya elimu ya kanisa hapa Ilemela, Mwanza, imekwama.

Wachungaji wamegawanyika. Wapo wanaohimiza kila mzazi ajikaze mtoto asome shule ya Kikristo. Wengine wanataka nguvu zote ziende kwenye kipindi cha dini cha shule za serikali. Mimi naegemea hawa wa pili. Shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne tangu 2016, na mama anayeuza dagaa mwaloni Kirumba ada ya bweni ataitoa wapi?

Shida iko darasani. Ijumaa tunapewa dakika 40. Watoto wa Kikristo wa la tatu hadi la saba wanarundikwa chumba kimoja, zaidi ya 100, mwalimu wa kujitolea mmoja. Kuwapanga tu kwenye madawati kunakula dakika 10. Tena Wakatoliki, AIC (Africa Inland Church) na Wasabato wako pamoja: mwalimu akigusa ubatizo au siku ya ibada, Jumatatu mzazi yuko kwa mwalimu mkuu analalamika. Tumejaribu nyimbo na mistari ya kukariri, wakubwa wanachoka na kutoroka. Tumejaribu zamu za makanisa, zikafa kwa kukosa nauli.

Mliofanikiwa kuunganisha madhehebu, mlikubaliana mada zipi, na makubaliano hayo walisaini akina nani? Na nauli ya walimu inatoka mfuko wa kila kanisa au mnachangia pamoja?